Kijito Kilipokauka: Je, Mkimbizi Abaki Nchi ya Kwanza?

Neno la msingi: 1 Wafalme 17:1–16, Yoshua 20:1–6



Jumapili iliyopita mchungaji alihubiri juu ya Eliya kwenye kijito cha Kerithi. Baada ya ibada alinishika mkono akaniambia, "Mzee, sasa wewe andika ile habari yako." Nilijua anamaanisha nini. Kwa hivyo leo siandiki kama mwalimu wa Neno. Naandika kama mzee wa kanisa aliyetoa hukumu kabla ya kusikiliza kesi.

Wengi wenu mnamjua yule ndugu Mkongomani anayekaa viti vya nyuma na mke wake na watoto watatu. Anafanya vibarua vya mjengo huko Kenya Israel. Mwaka huu kazi ilisimama, kodi ya nyumba ikamshinda. Akaja kwa wazee na ombi moja tu: tumpe kile chumba cha nyuma ya kanisa, kile tunachoweka viti na vyombo vya muziki, kwa miezi mitatu.

Tulikaa wazee saba tukamsikiliza. Alitoka upande wa Rutshuru, Kivu Kaskazini, mwaka 2022, wakati vita vilipofika Bunagana. Alivuka mpaka na familia akaingia Uganda. Akaandikishwa, akapewa mahali pa kukaa kambini. Miaka miwili baadaye akaondoka, akaja Kenya.

Hapo ndipo nilimkata maneno. Nikamwuliza, "Ndugu, pale Uganda kulikuwa na vita?" Akasema hapana. "Walikupa karatasi?" Ndiyo. "Walikupa shamba?" Akasema ndiyo, dogo. Nikawageukia wenzangu nikasema, "Basi huyu si mkimbizi tena. Mkimbizi anafika mahali pa kwanza penye usalama, anakaa hapo. Akivuka mpaka wa pili, anatafuta maisha kama sisi wote." Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Kwa sababu ya maneno yangu jambo likaahirishwa wiki moja.

Siku ya nne mwenye nyumba alifunga mlango kwa kufuli. Jumapili ndipo nilijua walikolala. Walichukuliwa na mama mmoja mjane anayeuza viazi na sukuma kwenye kibanda karibu na steji. Si wa kanisa letu. Anaishi chumba kimoja na wajukuu wawili. Hakumwuliza huyo ndugu amepita nchi ngapi.

Tangu hapo nimelala vibaya. Lakini sitaki niandike tu kwamba nilikosa huruma, tuseme amina, halafu twende nyumbani. Swali nililouliza si la kijinga. Linaulizwa Ulaya na Marekani, na linaulizwa hapa kwetu ndani ya matatu: kama mtu amefika mahali salama, kwani anaendelea kwenda kwa nini? Hebu tuliangalie vizuri.

Kijito cha kwanza ni baraka

Sisi watu wa Ukambani tunaelewa habari ya Kerithi kuliko wengi. Tunaijua mito ya mchanga. Wakati wa kiangazi unachimba shimo kwenye mchanga, unangoja maji yajikusanye, unateka kwa kikombe mpaka mtungi ujae. Punda anasimama pembeni anangoja. Maji ya karibu yakipatikana, hakuna anayeacha shimo hilo akafunga safari ya kilomita kumi ati kule maji ni matamu zaidi. Anakunywa yaliyopo na anashukuru.

Eliya alifanya hivyo. Alikuwa amemkabili Ahabu, na maisha yake yalikuwa hatarini. Mungu akamficha kwenye kijito mashariki mwa Yordani. Chakula kililetwa na kunguru, maji yalitoka kijitoni. Hayakuwa maisha ya starehe, lakini alikaa. Angalia vizuri: Biblia haisemi kwamba aliondoka maji yakiwapo.

Kwa hivyo wanaosema mkimbizi aombe hifadhi nchi ya kwanza wana hoja, na tusiwachukulie kama watu wabaya. Nyumba ikiungua, kwanza unatoka nje. Huchagui jirani mwenye sebule nzuri. Tena aliyebaki karibu na kwao ni rahisi kurudi amani ikija. Mara nyingi anakuta lugha anayoielewa na watu wanaofanana naye. Na safari ndefu zina mauti ndani yake. Vijana wangapi wa Afrika Mashariki wamekufa jangwani au wamezama katika bahari ya Mediterania, na walanguzi wa watu wakabaki na pesa?

Pia ukarimu wa nchi ya kwanza si kitu cha kudharau. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipokelewa Tanzania, wakapewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walilima na kuzaa watoto pale. Mwaka 2014 Tanzania ilitoa vyeti vya uraia kwa zaidi ya watu 160,000 kati yao na watoto wao. Uganda nayo inawapa wakimbizi kipande cha ardhi, na sheria yake ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea. Kwa wengi kijito cha kwanza kimetosha, nao wamemshukuru Mungu hapo hapo.

Hadi hapo mimi nilikuwa sawa. Kosa langu lilikuwa kufunga Biblia kabla ya kufika mstari wa saba.

Lakini kijito hukauka

Mstari wa saba unasema kwamba baada ya siku kadhaa kijito kile kilikauka, maana mvua haikunyesha katika nchi. Ndipo neno la Bwana likamjia Eliya aende Sarepta, katika nchi ya Sidoni. Mpendwa, hebu fikiria. Mungu mwenyewe aliyempa mahali pa kwanza ndiye aliyemwambia avuke aende pa pili. Na pa pili penyewe ni nchi alikotoka Yezebeli! Nani angeamini kwamba usalama wa nabii uko huko?

Tazama pia Lutu katika Mwanzo 19. Aliomba akimbilie Soari, mji mdogo ulio karibu, naye akakubaliwa. Lakini baadaye aliogopa kukaa Soari, akapanda mlimani na binti zake. Daudi alikimbia kwa Akishi mfalme wa Gathi, nje ya mkono wa Sauli, lakini kule walipomtambua ilimbidi ajifanye mwendawazimu ili atoke mzima. Mahali pa kwanza palikuwa nje ya mipaka ya Sauli, ndiyo, lakini hapakuwa salama.

Hili si jambo la zamani tu. Tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi Wakongomani wa jamii ya Banyamulenge walikuwa katika kambi ya Gatumba, Burundi. Walikuwa wamevuka mpaka na kuingia nchi ya kwanza, kama mimi nilivyotaka. Gatumba iko karibu sana na mpaka wa Kongo. Usiku ule kambi ilivamiwa na zaidi ya watu 150 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Je, ungemwambia aliyepona usiku ule kwamba akienda nchi nyingine amekuwa mtafuta maisha?

Usalama haupimwi kwa ramani tu. Hata mahakama kubwa zimesema hivyo. Mwaka 2022 serikali ya Uingereza ilipanga kuwapeleka Rwanda baadhi ya watu walioingia kwake kuomba hifadhi. Novemba 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua mpango huo ni kinyume cha sheria, kwa kuwa kulikuwa na hatari ya watu hao kurudishwa walikotoka. Mwaka 2024 serikali mpya ikauacha. Majaji walitaka kujua mtu huyu akifika pale itakuwaje. Swali hilo mimi sikuuliza.

Nilipoenda kumwona huyo ndugu kwenye kibanda cha yule mama, nilimwomba anieleze tena, na safari hii nikanyamaza. Akaniambia kwamba siku moja pale kambini, kwenye foleni ya maji, alimwona mtu aliyekuwa na kundi lililomuua kaka yake. Yule mtu naye alimwona. Baada ya wiki mbili simu ya mke wake ikaanza kupokea ujumbe wa vitisho. Nikamwuliza, "Mbona hukutuambia siku ile?" Akanitazama kwa upole. "Muzee," akasema, "ulikuwa unauliza, ulikuwa unajibu."

Halafu akaongeza jambo ambalo hakulazimika kuniambia. "Sitakuficha. Hata chakula kilikuwa kimepungua sana. Mambo mawili yalikuja pamoja." Ni kweli kwamba mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi Uganda kwa kukosa fedha. Angeweza kunyamaza ili kesi yake iwe safi. Hakunyamaza.

Hapo nilijifunza kitu. Sisi tunataka mtu awe na sababu moja: hofu peke yake tumpokee, au njaa peke yake tumrudishe. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kuhama kwa sababu moja? Ukweli ni kwamba kijito hukauka kwa njia nyingi. Aliyekuwa akitishwa, na sasa watoto wanalala njaa, hawezi kukupimia kwenye mizani ni kilo ngapi za hofu na ngapi za njaa. Akaniambia, "Hakuna mutu anapenda kukimbia mara mbili." Maneno hayo nimeyabeba.

Mzigo mmoja, mabega mengi

Kuna upande mwingine ambao nilikuwa sijaufikiria kabisa. Tuseme sheria iwe ya chuma: kila mkimbizi abaki nchi ya kwanza, basi. Nani atabeba mzigo? Ni jirani wa vita, siku zote. Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.5. Kenya yetu ina zaidi ya 700,000, wengi wao Dadaab, kambi iliyoanza mwaka 1991, na Kakuma, iliyoanza 1992. Duniani kote takriban theluthi mbili ya wakimbizi wako katika nchi zinazopakana na kwao. Nchi tajiri iliyozungukwa na bahari na majirani wenye amani haitakuwa nchi ya kwanza ya mtu yeyote. Itakaa miaka mia ikisema "sisi tunafuata sheria", na haitawahi kufungua mlango.

Mungu alipoweka miji ya makimbilio katika Israeli hakuweka mmoja. Aliweka sita, mitatu ng'ambo hii ya Yordani na mitatu ng'ambo ile. Katika Kumbukumbu 19 anaagiza nchi igawanywe na njia itengenezwe, ili anayekimbia afike. Najua miji ile ilikuwa ya mtu aliyeua bila kukusudia, si ya wakimbizi wa vita. Lakini hekima yake tunaiona: makimbilio hayakuachwa yawe shida ya mji mmoja uliobahatika vibaya kuwa karibu. Na Hesabu 35 inasema hata mgeni angeweza kukimbilia humo.

Viongozi wa Afrika waliliona hili pia. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unasema kwamba nchi ikishindwa kuendelea kuwapa wakimbizi hifadhi inaweza kuziomba nchi nyingine, nazo zichukue hatua za kuipunguzia mzigo kwa moyo wa umoja. Wagalatia 6:2 inatufundisha jambo hilo hilo la kuchukuliana mizigo.

Na tusisahau kwamba hata sisi tumekuwa upande wa pili wa mlango. Wakati wa njaa ya Ngomanisye, mwishoni mwa miaka ya 1890, Wakamba wengi waliiacha nchi hii wakaenda mpaka Ugikuyuni kutafuta chakula. Baada ya uchaguzi wa 2007, maelfu ya Wakenya walivuka mpaka wakaingia Uganda, na baadhi wakapelekwa Kiryandongo. Nchi ile niliyomwambia ndugu yetu arudi ndiyo iliyowapokea watu wetu.

Langoni pa mji

Je, basi mkimbizi aende popote anapotaka, na asiulizwe chochote? Hapana, na hapa wacha niseme wazi, kwa sababu huruma isiyo na ukweli pia huumiza watu.

Yoshua 20 inaonyesha utaratibu. Anayekimbia anasimama kwenye lango la mji. Haingii kwa dirisha. Anawaeleza wazee wa mji habari yake wakisikia. Nao wanampa mahali akae kati yao, mpaka kesi yake isikizwe. Kuna wajibu wa anayekuja, na kuna wajibu wa wazee.

Wajibu wake ni kujitokeza na kusema kweli. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 hausemi popote kwamba ni lazima uombe hifadhi katika nchi ya kwanza. Nilidhani unasema hivyo, haumo. Kifungu cha 31 kinasema nchi isimwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali, ikiwa ametoka moja kwa moja mahali maisha yake yalipokuwa hatarini na amejitokeza bila kuchelewa akaeleza sababu yake. Ile kanuni ya Ulaya iliyoitwa Dublin, ambayo mara nyingi ilirudisha ombi kwenye nchi ya kwanza mtu aliyoingilia, ilitokana na mapatano yao wenyewe ya kugawana kazi. Hata huko Italia na Ugiriki zimelalamika sana, kwa sababu mashua hufika kwao kwanza.

Na yule aliye salama kweli, anayeamua tu kwamba nchi nyingine ina mshahara mzuri? Simwiti mwenye dhambi. Elimeleki alihamia Moabu kutafuta chakula. Lakini huyo asije langoni akasema anakimbia upanga. Aseme anatafuta kazi, na nchi ina haki ya kumjibu ndiyo au hapana. Akidanganya anaharibu lango kwa wale wanaokufa. Hilo halikuwa kosa la ndugu yetu, lakini lipo, na tukilificha hatusaidii mtu.

Wajibu wa wazee ni mmoja na ni mwepesi kutaja: kusikiliza mpaka mwisho. Kipimo ninachokishika sasa ni hiki. Sitamwuliza mkimbizi hii ni nchi ya ngapi. Nitamwuliza: kijito ulichoacha nyuma kina maji? Kama kilikuwa na maji, ana la kueleza. Kama kilikauka, mimi ndiye nina la kueleza nikimfungia.

Tulipofika sasa

Wazee tulikutana tena. Nilisimama kwanza, nikamwomba huyo ndugu msamaha mbele ya wenzangu, kisha mbele ya mke wake. Chumba wamepewa. Viti vimehamishiwa kwa mzee mmoja, ndiyo maana vijana wa sifa wanavibeba kila Jumamosi.

Lakini tulimwambia pia jambo gumu. Alikuwa amekaa Kenya bila kujiandikisha, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inataka mtu ajitokeze mapema. Aliogopa akijiandikisha ataambiwa aende Kakuma, maana serikali huelekeza wakimbizi kwenye maeneo yaliyotengwa. Hofu yake ina msingi: mwaka 2025 mgao wa chakula ulipunguzwa sana kule pia. Hatukumdanganya kwamba haitakuwa hivyo. Tulimwambia asimame langoni, na sisi tutasimama naye. Wawili wetu tulimsindikiza Nairobi, akaeleza yote, hata habari ya Uganda na hata ile ya chakula. Sasa anangoja jibu. Linaweza kuwa zuri, linaweza kuwa baya. Akiambiwa aende Kakuma, tumekubaliana kanisa litamlipia nauli na kuendelea kumpigia simu. Ndugu haachi kuwa ndugu kwa sababu amepanda basi.

Na yule mama wa viazi? Nilimpelekea gunia la unga. Akacheka, akaniuliza, "Mzee, ni ya nini?" Nikakosa jibu. Biblia inasema mjane wa Sarepta alikuwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo wakati nabii alipofika. Hakuwa na ghala. Sisi tulikuwa na chumba kizima kilichojaa viti.

Tuombe. Bwana, tusamehe pale tulipojibu kabla ya kusikia. Wakumbuke wote walio njiani usiku huu, Kivu, Sudan, jangwani na baharini. Wape maji katika kijito cha kwanza, na kikikauka, uwe umekwisha kuandaa mlango mahali pengine. Ukiwa umechagua mlango wetu, tusiufunge. Katika jina la Yesu. Amina.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii:

1. Soma 1 Wafalme 17:1–16. Kwa nini Mungu hakukijaza kijito maji tena, bali alimpeleka Eliya kwa mjane maskini katika nchi ya kigeni?

2. Ni lini wewe au jamii yako mliwahi kupokelewa ugenini? Nani aliwafungulia?

3. Kuna mtu mtaani mwako ambaye umemhukumu kabla hajamaliza kueleza habari yake? Mtembelee kabla ya Jumapili.